Safu Tatu Ubaoni

Jumanne, darasa la sita, nilichora mistari miwili ya chaki
na ubao ukawa na vyumba vitatu.
Cha kwanza: yale mwili unayofanya kabla hujaulizwa,
kope kufumba vumbi linapokuja,
mkono kuruka kutoka kwenye sufuria.
Cha pili: yale uliyozaliwa nayo, aliyekupa humjui,
buibui na utando wake, mnana na kiota.
Cha tatu: uliyofundishwa ukakosea, ukafundishwa tena.
Muhindo wa dawati la nyuma akauliza,
"Mwalimu, na kupiga mluzi?"
Tukauandika mluzi chumba cha tatu.
Kengele ikalia, wote wakasimama kabla sijaruhusu,
nikacheka peke yangu:
hao nao niwaandike wapi?

Jioni nikapanda kwa kaka yangu Kule, juu ya Bundibugyo.
Kakao imeanikwa uani juu ya turubai,
harufu yake chachu kama pombe iliyosahauliwa.
Mtoto ana siku tisa. Jina halikujadiliwa:
msichana wa tatu ni Kabugho,
jina lilikwisha kuketi mlangoni likimngoja.

Nilimgusa shavu kwa ncha ya kidole,
kichwa kikageuka, mdomo ukafunguka ukitafuta.
Nikamwekea kidole kiganjani, akakifumbata
kwa nguvu ya mtu anayevuka daraja la kamba.
Hanijui. Hajui hata kidole ni kitu gani.
"Anakupenda, shangazi," alisema mama yake,
nami sikuwa na moyo wa kumtajia chumba cha kwanza.

Kwenye mchikichi, minana walikuwa kazini.
Dume mmoja kijana, manjano yake bado hayajakolea,
alifuma kiota kikaegemea upande kama kofia ya mlevi.
Akakitazama.
Akakifumua, unyasi kwa unyasi,
akaanza upya.
Nani alimwambia kuwa ni kibaya?
Nikamgawa: hamu yake nikaiacha chumba cha pili,
mdomo nikausogeza cha tatu.

Ndipo upepo wa Rwenzori uliposhuka
ukang'oa bati la jiko la jirani. Paa!

Mtoto akatupa mikono yote miwili hewani,
vidole wazi, kama anayeanguka kutoka tawi
ambalo hajawahi kulipanda.
Na kaka yangu, mwanamume wa miaka thelathini na saba,
alikuwa kifudifudi kati ya kakao,
viganja juu ya kisogo.

Wawili, kwa mpigo mmoja.
Mmoja hakufundishwa na mtu.
Mwingine alifundishwa usiku mmoja tu,
akiwa na umri wa wanafunzi wangu,
usiku nyumba za bondeni zilipowaka.
Mwalimu wake hakuwa na chaki,
na somo halikuhitaji kurudiwa.

Mkunga alisema mshtuko wa mtoto utaisha wenyewe,
miezi minne, mitano, mikono itatulia.
Huu mwingine una miaka ishirini na mitano
na hausomi kalenda.

Kule aliinuka, akajipangusa punje kifuani,
akasema, "Nimeteleza."
Hakuna aliyebisha.
Masika, binti yake wa kwanza, miaka sita,
akamletea maji kwenye kikombe cha bati,
hakumpa. Akakiweka chini karibu naye,
akaketi, macho yake kwenye kilima,
akisubiri mikono ile iache kutetemeka.
Nilimtazama mama yake.
Mama yake alikuwa ametazama kilima kilekile.

Jumatano niliukuta ubao haujafutwa.
Maneno nikayaacha yalipo.
Mistari nikaifuta kwa mkono wa gauni,
vumbi lake likaning'ang'ania siku nzima.
Muhindo akauliza kama jambo hili litatoka kwenye mtihani.
Nikamwambia litatoka,
na kwenye mtihani, mwanangu, mistari ipo.