Ufa wa Tegeta

Bi Siwema amekuja na ufa ndani ya simu:
picha kumi na nne za ukuta mmoja,
ya mwisho ameweka kalamu pembeni, nione upana.
"Machimbo," anasema. "Baruti zao.
Nataka karatasi yenye muhuri."

Namvutia kiti. Feni inazunguka kama haitaki.
Hapa Mlimani, chini ya ngazi, kuna chombo
kisicholala, kinachosikiliza miguu ya mji;
likipita lori la kokoto kinaandika lori,
siku ya mpira kinaandika goli.

Namfungulia mistari miwili ya Jumatano.

Huu wa saa sita mchana ndio baruti.
Tazama: umeingia bila hodi, umepiga kofi,
ukanyamaza. Mlipuko husukuma pande zote sawasawa,
hauna upande unaouonea,
na ukishasema neno lake la kwanza
hauna la kuongeza.

Na huu, saa mbili na robo usiku.
Unaanza kwa haya. Ungedhani jirani anaburuta kabati.
Kisha ngoja.
Ngoja.
Haya sasa ndiyo yanayotambaa juu juu ya ardhi,
mawimbi marefu, sekunde ishirini kila mkunjo,
mengine yanaviringika, mengine yanaipeleka nchi
kushoto, kulia, kama anayechekecha unga.
Baruti haijui kuchekecha.
Mwamba uliochanika ndio unaojua,
upande huu ukienda, ule ukigoma,
kilomita mia ngapi huko, chini ya bahari.

Tunapima mkia dhidi ya kishindo cha mwanzo.
Ndiyo hukumu yote. Mkia.

Bi Siwema anaweka kidole kwenye kioo,
anaufuata mpaka ukingoni, bado hauishi.
"Kwa hiyo si wao."
Si wao, mama. Si usiku ule.

Nilidhani atafarijika kujua.
Anazima simu, anakunja kitenge magotini.
"Wao wana geti," anasema.
"Wana mlinzi, wana daftari la wageni,
ningeandika jina langu na saa ya kuingia.
Hiyo ardhi yako nitaikuta ofisi gani?"

Nimempa karatasi. Muhuri nimegonga mara mbili,
wa kwanza haukutoka vizuri.
Akashuka ngazi,
na chombo kule chini kikaandika viatu vyake,
kimoja kizito kuliko kingine,
mpaka vikazama katika lori.