Ritifaa

Ghorofa ya pili, nyuma ya soko la Kibuye,
juu ya duka la chakula cha kuku,
ndipo ofisi ya chama cha maziwa ilipo,
na ndipo nilipomrithi Zablon bila kumwona:
alihama Februari, akaniachia kiti kinacholia
na klasi moja, Ulizo,
mistari mia tatu na kumi na miwili,
na juu yake onyo:
USIGUSE. INAFANYA KAZI.

Na kweli, ilifanya kazi.
Ukiiambia chagua, inachagua.
Ukiiambia kutoka wapi, inafika Chemelil,
inapita Muhoroni, inapanda hadi Kaimosi,
inarudi na lita na shilingi
zimepangwa kama mitungi iliyooshwa.
Cheruto alilipwa. Amugune alilipwa. Owiti alilipwa.

Dorsila Nyang'or hakulipwa.
Alipanda ngazi siku tatu,
kitambulisho ndani ya karatasi ya sukari,
akakitua mezani kama karata ya mwisho.
"Ng'ombe wangu wanajulikana hadi mtoni," akasema.
"Ni kompyuta yenu tu isiyonijua."

Nikaliandika jina lake. Kauli ikavunjika.
Nikajaribu Ong'ayo. Ikavunjika.
Lang'at. Mang'oli. Ikavunjika, ikavunjika.

Zablon, nikagundua, hulifunga jina
baina ya vijialama viwili,
kimoja cha kufungua, kimoja cha kufunga,
nasi huku tuna ng',
sauti ya nyuma ya ulimi, ya puani,
yenye kijialama chake begani.
Mashine ikikiona hudhani jina limekwisha.
Nyang akabaki ndani,
or akaachwa nje,
na or, kwa lugha ya mashine, ni "au".
Nyang, au...
Ikasimama hapo, inangoja. Au nani?

Karani wa kabla yangu alikuwa na dawa yake:
kufuta. Nyangor. Langat. Ongayo.
Lakini benki haina mtu aitwaye Nyangor,
na ngombe asiye na ritifaa
ni mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumkama.

Sikugusa.
Nilifungua faili jipya, nikaandika:
klasi UlizoLaMaziwa, mrithi wa Ulizo.
Mwana hutazama kisogo cha nina.
Kabla sijaongeza neno
tayari ilijua kuchagua, kujumlisha, kuweka kikomo,
ilijua hata kosa la Zablon la tahajia,
panngaKwa, lenye n mbili,
kama mimi ninavyogonga sufuria mara mbili
kabla ya kuifunua, sijui kwa nini,
mama hufanya hivyo.

Nikaandika upya mbinu mbili tu.
Ya kwanza, ambapo:
pale pa jina niliacha alama ya kuuliza,
nafasi tupu, kigoda kisichokaliwa,
jina lenyewe nikalibeba kando, zima.
Ya pili, tekeleza:
kauli ikishaeleweka mwanzo hadi mwisho,
ndipo jina likaribishwe, likae,
wala lisiweze kuamrisha kitu.
Mengine yote: kamuulize mzazi.

Stima ikapotea. Nikala njugu gizani.
Stima ikarudi.

Nyang'or, Dorsila. Lita 214.

Nikalisoma kwa sauti, peke yangu,
nikilibana vizuri pale puani.
Kisha ikabaki kazi isiyo na ujanja wowote:
majina sabini na moja ya karani,
kitambulisho kwa kitambulisho,
kurudisha kijialama kwa mkono. Siku nne.

Ijumaa Zablon akapiga simu.
"Nasikia wanalipwa. Umegusa?"
"Sijagusa."
Kimya. Nyuma yake mtu anauza mahindi.
"Ile n ya pili," akasema polepole, "bado ipo?"
"Ipo. Na mtoto anayo."