Bei ya Njiwa wa Lami

Pauni mia moja na tisini, masomo matano,
risasi zimo, viziba masikio vya kuazima,
chai na biskuti juu yake.
Nimeikunja karatasi ya bei mara nne
na bado inajifungua mfukoni.

Mia moja na tisini ni zamu mbili za usiku
hapa Leominster, katika nyumba ya wazee,
kodi ikishakula chake.
Ni mabati ishirini ya jiko la dada yangu Zawena,
ambaye nilipomweleza alicheka mpaka simu ikakatika,
akapiga tena:
"Yaani unalipa ili uvunje sahani?
Njoo nyumbani. Zipo. Nitakurushia bure."

Sikumwambia kuwa nilishaonja.
Jumamosi ya majaribio, pauni ishirini,
kilimani nyuma ya kiwanda cha mvinyo wa tufaha,
Bronwen Tudge, mwalimu, mikono ya mkamua ng'ombe,
akanipachika kitako cha bunduki begani
kama anayemvika mtoto mkoba wa shule.
Njiwa wao si njiwa, na udongo wao si udongo:
ni lami na chokaa, kisahani cha rangi ya chungwa
kinachoenea kiganjani.
Nikaita "Vuta!" kwa ile sauti
ninayomwitia Bi Hester wa chumba namba mbili, asiyesikia.
Mtambo ukatema.
Nikakosa. Nikakosa.
Nikamkosa wa saba, nikamkosa wa kumi na moja,
mbingu nzima ya Machi, ya kijivu,
nami naitoboa kila pasipo na kitu.

"Unamfuata," akasema Bronwen. "Usimfuate.
Piga pale ambapo bado hajafika."
Nusura nimwambie kazi hiyo naijua:
miaka tisa natuma fedha
mahali ambapo nyumba bado haijafika.

Wa kumi na tisa akapasuka.
Hakuanguka. Alikuwepo, kisha akawa vumbi jeusi,
nikatoa kicheko ambacho mpaka leo
sijui nilikirithi kwa nani.

Sasa, chumba namba sita, Bwana Aldous Pugh,
miaka themanini na minane,
vikombe vitatu vya fedha juu ya kabati la soksi,
aliniona nikikunja uso nilipomwinua.
"Bega hilo," akasema. "Bunduki hiyo. Uliishika vibaya."
Kisha kwa mnong'ono:
"Usiwape hata senti. Nitakufundisha mimi."

Saa tisa usiku, koridoni, anainua fimbo yake ya kutembelea,
anailenga taa ya mlango wa dharura,
shavu limelala juu ya mti,
na ncha ya fimbo inatetemeka kama tete mtoni.
Nimemshika kiwiko.
"Miguu kwanza," anasema yeye
asiyeweza kusimama bila mimi.
"Geuka kiunoni, si mikononi. Na usifumbe jicho, siyo usingizi huo."

Rahisi huvunja upishi, nilikuzwa nikiambiwa.
Lakini hiki si rahisi, hiki ni bure,
na bure lazima ina methali yake nyingine
ambayo kwa saa hii, na kitanda namba nne kinapiga kengele,
siikumbuki.

Asubuhi nikampigia Bronwen:
naweza kununua moja? Moja tu, si matano?
Kimya. Mbwa akabweka upande wake wa simu.
"Arobaini na mbili," akasema. "Na biskuti hazimo."

Mabati manne, basi, na kipande.
Zawena atanisamehe au mvua itamkumbusha.

Jumapili Bwana Pugh ananisubiri mezani,
uji wake umeganda, hajaugusa.
"Wangapi?"
"Watano. Kati ya ishirini na watano."
Anatafakari kidogo.
Anawageukia wenzake, kijiko juu:
"Kumi na tisa!" anatangaza,
na Bi Hester, ambaye hajasikia neno,
anapiga makofi.