Jiwe la Namba Elfu Moja

Kiwelu anauza spea za magari ya Japani,
Bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Kati ya rejeta na taa za Noah
ana sanduku la visu vilivyofungwa magazeti
yenye herufi zilizosimama wima kama nguzo za ua.
"Vilikuja na kontena," anasema. "Chagua, fundi."

Mimi si fundi. Naosha sufuria
kwenye hoteli moja ya Shanty Town, mwaka wa pili huu,
na tangu Pasaka Mama Ndekusura
ananiachia vitunguu, kilo ishirini kwa siku,
na kisu cha hoteli kinachoponda kuliko kukata.
Jana alinitazama ninavyolia, akasema:
Hayo si machozi ya kitunguu, ni ya ubutu.
Nenda katafute chako.

Jumamosi nilipokea mchezo. Laki na ishirini.

Cha kwanza kirefu, kina mawimbi ubavuni
kama mninga uliopigwa randa.
"Tabaka sitini na saba," Kiwelu akasema,
kwa sauti ya mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari.
Nikauliza: ipi ndiyo inayokata?
Akakuna sikio. "Moja. Ile ya katikati."
Na hizo sitini na sita?
"Hizo ni za harusi."
Laki mbili na nusu. Nikakirudisha kwenye gazeti lake.

Kingine cha mraba, cha majani tu.
Nilikipenda kwa ajili ya mnafu,
lakini siku ya mbuzi ningekiambia nini?

Cha tatu chuma kitupu, cheusi,
kikali kuliko ulimi wa wifi.
Kiwelu alikipitisha mkononi, vinywele vikadondoka bila kelele.
Hiki kinaogopa maji, akasema.
Kifute, kipake mafuta, kisilale na limau.
Nikawaza ndizi za mtori na utomvu wake,
ule unaokaa vidoleni mpaka Jumapili kanisani;
nikawaza saa mbili usiku, oda kumi na saba zinaning'inia,
nani atakumbuka kufuta?
Labda mwaka kesho.
Labda nikishakuwa mtu wa kufuta vitu.

Mama yangu, kule Kirua, ana kisu
kilichoanza maisha kikiwa kipana kama kiganja.
Leo ni jani la kitunguu.
Amekinoa kizingitini miaka yote,
na kizingiti nacho kimebonyea.
Hatujui nani alimla mwenzake.

Cha mwisho kilikuwa chini kabisa,
mpini wa plastiki, hakina ua wala wimbi,
hakifiki shubiri.
Santoku, Kiwelu akasoma kwenye simu: fadhila tatu.
Nyama, samaki, mboga,
au kitu kama hicho.
Chuma kisichoshika kutu. Usikipige mfupa, usifungulie kopo.
Nikakibana shingoni, kidole gumba na cha shahada,
kama anavyofanya Mama Ndekusura.
Kikatulia. Hakikuvuta mbele wala nyuma.
Nikakata nyanya ya Kiwelu, ya mchana wake,
nikalaza kipande juu ya gazeti:
herufi zikatokeza chini yake, nyekundu,
na bado sizijui.

Elfu sabini.
Hamsini iliyobaki nikaomba jiwe la kunolea.
"Unanunua jiwe?" Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.
"Na mlima wote ule juu yetu?"
Kisha akalitoa, rangi ya tofali, namba elfu moja,
akanionyesha mlalo:
sarafu mbili za mia mbili chini ya mgongo wa kisu,
halafu ziondoe, mkono ukumbuke wenyewe.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, husema watu.
Hawasemi nani alikesha ananoa.

Kisu nikakitia kapuni.
Jiwe lilikuwa zito, nikalifunga kanga mgongoni,
nikatembea hivyo mpaka Pasua.
Mlangoni jirani yangu, Mama Eliasifiwe,
aliyenisubiria mjukuu kuliko hata mama yangu,
akaacha kuchambua maharage.
Ana muda gani? akanong'ona.

Elfu moja, nikamwambia,
na bado hajaanza kulia.