Kibwebwe

Turku, saa tisa mchana, taa zimeshawashwa.
Nje theluji. Ndani, chini ya lenzi ya Aune Lehtivuori,
seli ya mgonjwa wa kitanda cha saba
imekaushwa katikati ya kugawa urithi.

Kila kromosomu ina kiuno.
Hapo ndipo nyuzi hushika,
huu ukivuta huku, ule kule,
hadi mapacha wapate sawa kwa sawa.
Ni kazi ya kujifunga kibwebwe.

Hii haikujifunga.
Kiuno kililegea, uzi ukateleza;
pacha mmoja kajaza mikono,
mwenziwe katoka mitupu,
na kipande kimebaki njiani
kama mtoto aliyesahauliwa kwenye wosia.

Zingekuwa arobaini na sita.
Anahesabu: hamsini na tatu.
Anahesabu tena.
Anaandika kwa penseli, herufi ndogo,
kana kwamba udogo utapunguza kitu.

Dada yake Sirkka, miaka ile,
kapiga magoti barafuni, anamkazia viatu:
“Kaza hapa katikati. Kwingine kutajiweka.”
Sirkka naye alihesabiwa
katika chumba hiki hiki, na mtu mwingine.

Aune anasimama,
anafungua aproni, anaifunga upya,
mafundo mawili.
Anaweka kioo kingine.