Mita Ishirini na Nane

Lifti imekufa tangu Jumanne.
Kwa hiyo vigae vimepanda nami kwa miguu,
ghorofa nne, mfuko baada ya mfuko,
nami nikihesabu ngazi kwa sauti kama mtoto wa chekechea:
sabini na mbili. Sabini na mbili tena.
Kichwa kikikosea, magoti hayakosei.

Ni Novemba. Viti vya kupandisha watelezaji
vinaning'inia kwenye waya, vitupu.
Theluji haijafika, wageni hawajafika,
na jengo zima, madirisha sitini,
lina taa mbili: yangu
na ya Bi Perron wa chini,
anayegonga dari kwa ufagio kila nikitoboa.

Mita za mraba ishirini na nane.
Baba alizinunua mwaka niliozaliwa,
kwa mshahara wa kiwanda cha magari kule Torino,
akatupanga wanne kama samaki wa kopo,
kitanda juu ya kitanda, kwenye korido,
buti zikikauka bafuni, zikinuka mbwa.
"Huku hewa ni ya bure," alikuwa akisema,
akivuta sigara dirishani.

Ruggero, kaka yangu, alisema uza.
Alisema kwa simu, huku anatafuna.
Nusu yake namlipa kwa awamu;
nusu yangu ndiyo hii ninayoikwangua.

Zulia la kahawia limeng'oka na gundi yake.
Chini yake, zulia jingine, la kijani.
Baba hakuondoa kitu maishani mwake. Alifunika.
Swichi ya jikoni inawasha taa ya choo.
Waya mwekundu umeungwa na wa buluu
kwa plasta ya kidonda.
Nimemtukana, marehemu wa watu, kwa lahaja ya kwetu,
nikamwomba radhi,
nikamtukana tena nilipofunga koki
na kumbe nimefunga maji ya jengo zima.

Jengo zima ni Bi Perron.
Alipanda na taulo kichwani, povu masikioni,
hakusema neno. Alipiga magoti chini ya sinki
akanionyesha koki yenyewe,
ndogo, nyuma ya bomba,
imepakwa rangi ya kucha ya mama, nyekundu,
ili mtu asikosee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wasemavyo.
Mimi ufa niliuziba. Ukuta nikaujenga vilevile:
lipu ilidondoka yote, vipande kama sinia,
na vumbi bado nalitema.

Sasa, habari ya kabati.
Chini ya mguu mmoja nilikuta sarafu,
lira mia, imeshikwa na kutu.
Nikacheka. Ufundi wa baba huo, hela badala ya kabari!
Nikaitupa kwenye ndoo ya kifusi.
Usiku mlango wa kabati ukafunguka,
polepole, kama mtu mwenye swali.
Nikaufunga.
Ukafunguka.
Nikalaza pimamaji sakafuni,
kiputo kikakimbilia upande wa mlima.
Bafuni, mlimani. Kizingitini, mlimani.
Jengo lote limeinamia bonde,
sentimita mbili, pengine tangu msingi,
na yeye alijua,
na hakuna siku alitwambia tunalala mteremkoni.

Saa nane za usiku nilimwaga ndoo kwenye gazeti,
nikachambua kifusi kama mpishi achambuaye mchele.
Niliipata. Niliirudisha.
Mlango umetulia.

Chini, ufagio umegonga mara mbili, kwa upole.
Siku hizi hiyo maana yake ni supu.

Kesho msasa, kisha rangi.
Kigae cha tatu kutoka mlangoni kimekaa upande.
Nakiona. Kimeshaganda.
Atakayekuja baada yangu, na anitukane.