Mla Jana Kala Nini

Mla ni mla leo, husema watu wa kwetu,
mla jana kala nini? Hucheka, wakanawa mikono.

Lakini Riga, ghorofa ya tatu, dirisha lina barafu,
Dzintra analipwa mshahara kwa swali hilohilo.
Ana simu, kalamu ya risasi, karatasi kumi na nne:
Samaki wa moshi? Alikatwa dukani au kiwandani?
Jibini laini? Tikiti lililouzwa limekwisha kumenywa?
Siku sabini nyuma, tafadhali. Jitahidi kukumbuka.

Nani akumbukaye siku sabini?
Mimi ya juzi tu yamenitoka.

"Mama tumemzika Jumanne," anasema Vija upande wa pili,
"nawe wanipigia kuniuliza jibini?"
Dzintra hakati simu. Haongezi pole ya pili.
Anasikia kiti kikivutwa,
anasikia mlango wa jokofu ukibanduka,
lile ambalo tangu msiba hakuna aliyethubutu kulifungua.
Halafu kopo. Kopo la biskuti,
ndani yake risiti za miezi mitano
zimekunjwa mara nne nne, zimefungwa kwa mpira,
maana marehemu Skaidrīte hakuwaamini wenye maduka.

Soma, anasema Dzintra. Polepole.
Na binti anausoma ubahili wa mama yake
kama asomaye wosia:
Mkate mweusi. Maziwa mgando. Viazi, kilo mbili.
Samaki wa moshi, gramu mia, bei ya punguzo.
Samaki wa moshi.
Samaki.
"Alikuwa akimpenda," anasema Vija. Hapo sauti inamkatika.

Kijidudu hiki hakiogopi jokofu; baridi kwake ni kitanda.
Maabara inakisoma usiku kucha,
herufi milioni tatu kasoro, zote zimeandikwa kwa nne tu,
alfabeti isiyohitaji mkalimani.
Alfajiri inatumwa.
Ljubljana, kahawa ya Metka imekwisha kupoa;
anailaza kando ya ile iliyotoka katika damu ya fundi saa:
tofauti, herufi mbili.
Ghent, mtoto wa siku nne:
tofauti, herufi moja.
Mtoto wa siku nne, hajatia kitu kinywani.
Mama yake ndiye aliyekula, akila kwa ajili ya wawili.

Wanaandikiana Kiingereza cha kuungaunga,
kila mmoja akikosea kwa lafudhi yake.
Jana kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake, bahati mbaya, kazi ya Mungu.
Leo wamegundua ukoo.
(Ile methali ya kidole na chawa sitaitaja. Mnaijua.)

Risiti inatoa namba ya shehena, namba inatoa kiwanda,
pwani ya Baltiki, vigae vyeupe unavyoweza kujitazama.
Bożena, mkaguzi, anapitisha pamba mezani, ukutani, mferejini.
Hamna kitu.
Siku ya pili anaomba bisibisi.
Chini ya wembe wa mashine ya kukatia,
nyuma ya skrubu ambayo kitabu cha usafi hakikuitaja,
tope la kijivu, kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.

Hicho tu.

Alhamisi, Porto, bwana Evaristo amesimama mbele ya rafu tupu.
Ananuna. Anasoma nusu ya tangazo, ananunua mayai.
Atayakaanga, atalalamikia chumvi,
atalala, ataamka,
na hakuna atakayempigia simu.

Riga, Dzintra anachonga kalamu. Jina linalofuata.
Kabla hajabonyeza, simu inalia yenyewe: Vija.
Hana swali, hana lawama.
Alitaka tu kusema kopo hajalitupa,
na kwamba jana, bila kujua kwa nini,
alikunja risiti yake mwenyewe mara nne
akaitia.